Saa Moja na Dakika Ishirini

"Saa moja na dakika ishirini, shemeji. Kilomita mia saba na kidogo. Mtandao umeandika hivyo, sijatunga mimi. Kufumba na kufumbua, nimeshawapokea."

Simu ilikuwa juu ya kabati la vyombo, spika imewashwa, na sauti ya Bosi ilijaza chumba utadhani ndiye mwenye nyumba. Hakuwa bosi wa mtu yeyote. Ni jina alilobandikwa na kaka yake tangu utotoni kwa kupenda kuwapangia wenzake mambo. Lakini safari hii ndiye aliyehangaika mpaka mama yao akapata kitanda kwenye hospitali ya mapafu, huko mjini anakoishi yeye, na ndiye aliyekata tiketi mbili za ndege. Kwa hiyo hakuna aliyemkatiza.

Mama Pacha, shemeji yake, alikuwa amepiga magoti nyuma ya mama mkwe wake akimsuka. Kusuka ndiyo kazi iliyomlisha. Alikuwa na kibanda chake karibu na kituo cha mafuta. Asubuhi hii alikuwa anazilaza nywele nyeupe za Bibi kwa mistari, akiacha njia juu ya masikio ili mirija ya hewa ipite bila kukwaruza. Mirija yenyewe ilitoka puani kwa Bibi ikashuka hadi kwenye mashine iliyokaa chini ya kiti, ndogo kama kapu la sokoni, ikipumua kwa niaba yake: pss, kimya, pss.

"Na kutoka hapa mpaka uwanjani?" Mama Pacha aliuliza bila kuinua macho. "Na foleni? Na kukaa ndani ya ndege kabla haijaondoka? Hizo mtandao haukuziandika?"

"Shemeji, wasiwasi utakuua. Betri moja inakaa saa tatu. Mnazo mbili. Mnaweza kuja na kurudi!"

"Saa tatu akiwa amekaa hapa kwenye kiti. Daktari amesema tukiwa angani tuongeze nguvu ya mashine, maana kule juu hewa ni nyepesi. Ukiiongeza, betri inaliwa."

"Basi ndiyo maana ziko mbili," alisema Bosi. "Kaka, si ziko mbili?"

Fundi, mume wa Mama Pacha, alikuwa amechuchumaa mlangoni. Alikuwa mtengenezaji wa mafriji, mwenye mikono isiyotulia. Alifunga zipu ya begi la betri, akaifungua, akaifunga tena.

"Ziko mbili," alisema.

Ilikuwa asafiri yeye. Kisha juzi mwenye bucha alimpigia kuhusu chumba chake cha baridi, na kazi ile ikageuka kuwa ya lazima, isiyoweza kungoja wala kufanywa na mwingine. Watu wote chumbani walijua kwamba Fundi hajawahi kupanda ndege na hana hamu ya kuanza.

"Mwacheni," Bibi alisema. Alikuwa mpishi wa shule maisha yake yote, sauti yake iliwahi kunyamazisha bwalo zima la watoto. Sasa aliitoa kwa vipande, akivuta hewa katikati. "Huyo... alipanda juu ya bati... kutafuta mpira... tukamshusha analia. Nitakwenda na mwanangu huyu."

Mama Pacha alifunga msuko wa mwisho. Akaulaza kwa kiganja, taratibu kuliko mingine. Miaka yote aliyoolewa katika nyumba ile, Bibi hakuwahi kumwita mwanangu.

* * *

Uwanjani, dada wa kaunta aliizunguka mashine kwa macho kana kwamba itamng'ata.

"Hii ina ruhusa?"

"Ina barua ya daktari, hiyo hapo."

"Betri ngapi?"

"Mbili."

"Nionyeshe. Kanuni inataka ziwe na chaji ya kuzidi muda wa safari. Ikiwa moja tu, hasafiri." Dada yule alibonyeza kitufe kwenye betri ya kwanza, taa nne za kijani zikawaka. Akabonyeza ya pili, nne tena. Akaridhika. Kisha akamtazama Mama Pacha, kanga yake, ndala zake, vidole vyake vyenye mafuta ya nywele. "Na wewe ndiye mfanyakazi wake wa ndani?"

"Mimi ni mkwe wake."

"Sawa. Kiti cha magurudumu alichokalia kitarudishwa hapa hapa. Ukikiacha kwingine, utatafutwa wewe."

Ndege ilichelewa. Hakuna aliyesema kwa nini. Kwenye ukumbi wa kungojea, soketi zote za ukutani zilikuwa zimezibwa kwa karatasi za gundi, na Mama Pacha alipomwomba mfagiaji mahali pa kuchomeka mashine, yule mama alimsikitikia tu: "Za huku zilikufa zamani, mdogo wangu." Mashine ikaendelea kula betri bila hata ndege kuonekana. Taa ya kwanza ikazimika. Bosi akapiga simu kuuliza wamefika wapi, naye akamjibu kwa sauti ya chini: "Bado tuko chini, shemeji. Saa yako moja na dakika ishirini haijaanza kuhesabiwa."

Walipoitwa hatimaye, Bibi alibebwa ngazini na vijana wawili waliozungumza mpira wakati wote, kama waliobeba kabati. Alifumba macho mpaka alipowekwa kitini. Mama Pacha akamfunga mkanda, akainama, akaongeza nguvu ya mashine kama daktari alivyoagiza. Pss, pss, pss. Bwana mmoja mwenye tai, wa kiti cha mbele, aligeuka.

"Hicho kitalia hivyo safari nzima?"

"Ndiyo, baba. Ndicho kinachompa pumzi."

Bwana akageuka mbele. Alivuta pumzi ndefu, ya kusikika, ya mtu mwenye mapafu yake.

* * *

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Bibi alitazama dirishani, akaona mawingu kwa chini, akaguna: "Kumbe... ndiyo haya." Kidoleni alikuwa na kile kidude cha kupima hewa ya damu, na namba yake ilikaa pale ilipotakiwa kukaa. Mama Pacha akaanza kujiona mjinga kwa hofu zake.

Kisha rubani akatangaza kwamba mji wanaokwenda umefunikwa na mvua na ukungu, watazunguka kidogo mpaka uwanja ufunguliwe.

Ndege ikazunguka. Bawa likainama upande mmoja, jua likaingia dirishani, likatoka, likaingia tena. Abiria wakakunja magazeti. Kila jua lilipopita usoni kwa Bibi, Mama Pacha aliinama kutazama taa za betri. Zilikuwa mbili. Akajizuia asitazame. Alipotazama tena, ilikuwa moja. Mji ulikuwa chini yao palepale. Bosi alikuwa amesimama pale chini na maua yake na gari la kukodi, pengine akiisikia ndege ikinguruma juu ya kichwa chake. Umbali ulikwisha. Safari ndiyo haikuisha.

Rubani akarudi: uwanja haufunguliwi. Wanakwenda kutua kwenye mji mwingine mdogo, watie mafuta, wangoje hali ya hewa.

"Tumefika?" Bibi aliuliza magurudumu yalipogusa ardhi.

"Bado, Mama. Tumepumzika njiani. Usiongee."

Uwanja wenyewe ulikuwa barabara moja ya lami katikati ya majani, na nyumba moja yenye bati. Injini zikazimwa. Joto likaanza kupanda. Mhudumu wa ndege, msichana mrefu aliyefunga skafu shingoni, alipita akiwaomba watu wabaki kwenye viti vyao.

Mashine ikalia mara tatu. Betri ya kwanza ilikuwa imekwisha.

Mama Pacha hakubabaika. Alikuwa amejifunza kazi hii nyumbani mpaka aliweza kuifanya gizani. Alichomoa, akachomeka ya pili. Taa nne za kijani. Pss, pss. Akashusha pumzi, akaegemea kiti. Hakuwa hata ameifunga zipu ya begi wakati taa nne zilipokuwa mbili. Akadhani hajaona vizuri. Zikawa moja. Mashine ikalia mara tatu, kisha ikanyamaza kabisa, na katika kimya kile ndipo alipojua jinsi masikio yake yalivyokuwa yameizoea sauti ile.

Aliichomoa ile betri, akaipangusa, akairudisha. Kimya. Akaigeuza. Ubavuni, karibu na kiungo cha plastiki, aliona mkwaruzo mwembamba na tone la gundi. Gundi ile aliijua. Ilikuwa kwenye mpini wa pasi yake, kwenye kiatu cha mmoja wa mapacha, kwenye kila kitu ambacho mumewe alikuwa amekifungua na kukifunga tena.

Fundi aliifungua. Kwa hiyo anajua. Amekaa mlangoni anafunga zipu, na anajua.

Lakini hapakuwa na nafasi ya hasira. Bibi alikuwa ameanza kuvuta hewa kwa mabega. Namba kidoleni ilikuwa inashuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

"Dada!" Mama Pacha alisimama. "Dada, mashine imezima! Nipatie umeme, popote!"

Mhudumu alikuja mbio. "Injini zikizimwa hatuna umeme wa soketi, mama. Pole."

"Basi tushusheni. Fungueni mlango."

"Ngazi iko upande wa pili wa uwanja. Mwenye gari la kuivuta ameitwa kutoka mjini. Wamesema anakuja."

"Anakuja lini?"

Msichana alimwinamia mgonjwa. Alikuwa anaitazama midomo ya Bibi, iliyoanza kugeuka rangi.

"Ndege haina hewa yake?" Mama Pacha aliuliza. "Ndege nzima hii?"

"Kuna mtungi." Mhudumu aligeukia mbele. "Mmoja, wa dharura. Ngoja nimwambie rubani."

Rubani akatoka mwenyewe, shati limelowa mgongoni. Akamtazama Bibi, akamvuta mhudumu pembeni, lakini ndege ilikuwa ndogo na watu wote walisikia. Mtungi ukifunguliwa, ndege hairuhusiwi kuruka tena na abiria mpaka uwekwe mwingine. Hapa hakuna mwingine. Utaletwa kesho, kama si keshokutwa. "Anaweza kustahimili mpaka ngazi ije?" rubani aliuliza. "Dakika kumi? Robo saa?"

"Mimi si daktari, bwana," alisema msichana. "Lakini naona hawezi."

Minong'ono ikapita viti vyote. Bwana mwenye tai alisimama. "Samahani. Sisi humu tuko wangapi? Mimi nina mkutano ambao nimeusubiri mwaka mzima. Mtu anayejua mgonjwa wake yuko hivi anampandishaje ndege? Huo ni uzembe!"

Neno lile lilimpata Mama Pacha barabara, kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu halikuwa lake. Angeweza kuwaambia. Angeinua ile betri juu, awaonyeshe tone la gundi, aseme si mimi, ni mume wangu. Badala yake alijikuta amesimama katikati ya njia, kanga imemdondoka begani, macho yote juu yake.

"Nawaomba," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akaikaza. "Ni uzembe, ndiyo. Tutukaneni baadaye, mimi nitasimama hapa mnitukane. Ila sasa hivi nawaomba. Huyu ni mama yangu."

Bibi alimshika kanga kwa nyuma. Alikuwa anatikisa kichwa, hapana, na kwa mkono wa pili akiwaonyesha watu, kama anayesema waache waende. Maisha yake yote alikuwa amewapakulia wengine kwanza.

"Mama, leo huamui wewe," Mama Pacha alimwambia bila kugeuka.

Kwenye kiti cha kando ya dirisha alikuwa ameketi mwanamke aliyevaa nyeusi, ambaye hakuwa amesema neno tangu waondoke. Sasa alisema, na machozi yalikuwa tayari yanamtiririka.

"Kaka yangu anazikwa leo jioni. Hawanisubiri. Nimewaomba mpaka nimechoka." Alimtazama rubani, si Mama Pacha. "Ngazi ikija, mafuta yakitiwa, nilikuwa namwahi. Sasa sitamwahi." Akajipangusa kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayejipiga. "Basi mfungulieni. Mnangoja nini? Mfungulieni!"

Rubani akaitikia kwa kichwa. Mhudumu alikuwa ameshafika nyuma. Hakuwa amengoja hata aitikie. Alirudi amekumbatia mtungi wa kijani, akafungua koki, akambana Bibi barakoa usoni. Hewa ikaingia kwa mluzi. Kwa muda hakuna kilichobadilika. Kisha mabega yakaanza kushuka, na namba kidoleni ikasimama, ikajifikiria, ikapanda moja.

Ngazi ilifika baada ya muda mrefu, ikivutwa na trekta. Abiria wakashuka wakiwa na mizigo yao kwenye joto, wengine wakimpapasa Bibi bega, wengine wakitazama pembeni. Mwanamke wa nguo nyeusi alipopita, Mama Pacha alimshika mkono.

"Dada, Mungu aku—"

"Usinishukuru." Alijichomoa. "Tafadhali. Usiniambie neno lolote."

Akashuka ngazi peke yake, simu sikioni, akimweleza mtu kwamba hatafika.

* * *

Hospitali ya mji ule ilikuwa na wodi moja ya wanawake na mitungi ya kutosha. Fundi alifika siku ya pili, ametoka huko kwa basi, lori, na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Alimkuta mkewe amekaa kwenye benchi la nje. Bibi alikuwa amelala.

"Anaendeleaje?"

"Anapumua."

Fundi akakaa, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao. Mama Pacha akatoa betri kwenye begi, akaiweka kwenye nafasi ile.

"Ilikufa lini?" akamuuliza.

Fundi aliitazama gundi yake mwenyewe. "Wiki iliyopita. Niliifungua, nikabadilisha vya ndani. Ikawaka taa. Haikushika chaji."

"Na ukanyamaza."

"Mpya ilikuwa ichukue mwezi kufika. Kitanda hospitalini walikuwa wanamshikia mpaka Ijumaa. Mama angengoja mwezi, mke wangu? Wewe ulikuwa unamsikia usiku. Bila betri mbili wasingempandisha. Nikasema, ni saa moja na dakika ishirini, ya kwanza inatosha peke yake."

"Ningekuelewa ungeniambia."

"Ungeshindwa pale kaunta. Uso wako hauwezi kuficha kitu."

"Kwa hiyo ukanipa nisichokijua nikibebe." Hakupandisha sauti. "Ningejua, nisingeongeza nguvu ya mashine mapema. Ningeipunguza kidogo pale tulipongoja, ningemwomba mtu umeme mpaka anipe. Ningekuwa na la kufanya. Unajua nilifanya nini? Niliegemea kiti. Betri inakufa, na mimi nimeegemea kiti nimeridhika."

Fundi alijifunika uso kwa viganja. Mabega yake yalitikisika, na mkewe aliyaona, na mkono wake ukataka kwenda, akauzuia.

"Mama anajua?" aliuliza hatimaye.

"Hajaniuliza. Wala Bosi sijamwambia. Yule anadhani ni mvua."

"Utawaambia?"

"Mimi?" alisema Mama Pacha. "Siyo yangu ya kusema."

Fundi akakaa pale mpaka muuguzi akatoka kusema mgonjwa ameamka. Aliingia peke yake. Kupitia dirishani Mama Pacha aliona mumewe akipiga magoti kando ya kitanda, akizungumza kwa muda mrefu, na Bibi akisikiliza nyuma ya barakoa yake. Hakusikia kilichosemwa. Aliona tu mkono wa Bibi ukiinuka taratibu, ukampiga mwanawe kofi la kisogoni, dogo, la mtu asiye na nguvu, kisha ukabaki palepale.

* * *

Bosi alikodi betri nyingine mjini kwake, akaituma, na daktari wa wodi akaipima mwenyewe kabla ya kutia saini. Kitanda kule kilikuwa kimeshikiliwa kwa kubembelezana. Kutoka uwanja ule mdogo hadi mjini ilikuwa nusu saa angani, na tiketi zilikuwa mbili.

Kwenye mlango wa ile nyumba ya bati uwanjani, Bibi alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha magurudumu. Fundi alisimama na begi la mkewe mkononi, tayari kumpa.

"Lete," Mama Pacha alisema. "Hilo nakwenda nalo kwa basi. Nitawakuta kule kesho."

"Nani atakaa na Mama?"

Alivua mkanda wa mashine begani kwake, akamvisha mumewe shingoni. Ulikuwa mzito kuliko mumewe alivyotarajia; alimwona akiyumba. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Nyuma yake, uwanjani, injini moja ilianza kunguruma.

"Mke wangu, mimi siwezi. Unajua siwezi."

"Kitufe cha kuongeza ni hiki. Mkishatua, irudishe kwenye namba mbili."

"Na ikizunguka tena? Ikienda kutua kwingine?"

Mama Pacha akamrekebisha mkanda usimkwaruze shingo, kama ambavyo angemrekebishia mteja kitambaa kabla ya kuanza kumsuka.

"Utasimama katikati ya watu," alisema, "wakutazame wote, na utaomba."

Bibi akanyoosha mkono bila kugeuka, akaukamata wa mwanawe. Kiti kikaanza kusukumwa kuelekea ndegeni, na Fundi akaenda nacho.